Sindano au Risasi: Jinsi Sotoka Ilivyong'oka Tanzania

Ng'ombe aliyeshikwa na sotoka alianza na homa, akaacha kula na kucheua. Machozi yalimtiririka, ufizi na ulimi vikatoka vidonda, mate yakaning'inia mdomoni. Kisha akaanza kuhara maji yenye damu na harufu isiyosahaulika. Wiki moja au mbili tangu homa ianze, wengi walikuwa wamelala chini na hawainuki tena.

Ugonjwa huu uliingia Afrika Mashariki kupitia bandari ya Massawa mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Mwaka 1891 ulikuwa umefika Umasaini, ukashuka hadi nyanda za kati na kusini, na mwaka 1896 ukavuka mto Zambezi. Sehemu nyingi ulipopita, ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Kwa Mgogo wa Dodoma hilo lilikuwa pigo maradufu. Mvua ya huko haina ahadi, na uwele na mtama vikikauka shambani, ng'ombe ndiye anayebadilishwa kwa nafaka. Akiba ilipokufa zizini, njaa haikuwa na kizuizi.

Huko Ulaya dawa ya sotoka ilikuwa kuua. Ilipoingia Uingereza mwaka 1865, serikali ilihangaika miezi kadhaa, kisha mwaka 1866 Bunge likapitisha sheria: mnyama mgonjwa auawe, minada idhibitiwe, mwenye mali alipwe fidia. Mwaka 1867 ugonjwa ukaisha. Njia hiyo ilifaulu kwa sababu serikali ilikuwa na fedha za fidia, na kila zizi lilikuwa na mwenyewe anayejulikana.

Uwanda wa kati haukuwa hivyo, na hapa ndipo wengi wanaoandika juu ya mifugo yetu hupapita haraka. Ng'ombe waliofungwa katika tembe moja la Kigogo mara nyingi si wa mtu mmoja. Huyu ni wa shemeji, yule wa rafiki wa kijiji cha pili, wale watatu ni mahari ambayo bado haijatulia. Mfugaji huwatawanya wanyama wake kwa ndugu na marafiki makusudi, ili ukame au ugonjwa ukipiga mahali pamoja, wengine wabaki. Sasa uje na bunduki useme unaua zizi lote: utamlipa nani? Na wale waliofichwa kwa mjomba utawapataje?

Mwaka 1905 Wajerumani walianzisha maabara ya mifugo Mpwapwa, na Waingereza walipochukua nchi walipafanya makao ya idara ya mifugo. Kinga ya zama hizo ilikuwa ya kutisha. Ng'ombe alidungwa damu ya mgonjwa upande mmoja na seramu ya aliyepona upande mwingine, kwa matumaini kwamba ataugua kidogo tu apate kinga. Wengine waliugua kikweli, wakawaambukiza wenzao. Sotoka iliposonga kusini mwishoni mwa miaka ya 1930, zilitumika njia zote kwa pamoja: ng'ombe wakachanjwa, uzio ukajengwa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, na wanyamapori wakapigwa risasi kwa kudhaniwa ndio hifadhi ya ugonjwa.

Ukweli ulikuja baadaye. Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Muguga nchini Kenya, walitengeneza chanjo iliyokuzwa katika seli za maabara, ikawa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa unga mkavu katika kichupa kidogo. Bwana mifugo aliukoroga kwa maji ya chumvi yaliyopozwa, akamdunga kila ng'ombe mililita moja chini ya ngozi, na ilibidi amalize kichupa ndani ya saa chache kabla jua halijaiua dawa. Dozi moja ilimtosha mnyama maisha yake yote.

Ng'ombe wa kandokando ya Serengeti walipochanjwa, sotoka ikatoweka hata kwa nyumbu, ambao hakuna aliyewadunga. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kama 250,000. Kabla miaka ya 1970 haijaisha walipita milioni moja. Kumbe ni ng'ombe waliokuwa wakiwaambukiza. Risasi zile ziliwaonea wanyamapori.

Chanjo hiyo nayo ilikuwa na mtego wake. Damu ya ng'ombe aliyechanjwa na ya aliyepona sotoka zilionyesha kinga ileile, hivyo nchi iliyoendelea kuchanja haikuweza kuthibitisha kwamba ugonjwa umeisha. Mwaka 1997 sotoka ya aina hafifu ilizuka kaskazini mwa Tanzania, kwa dalili ndogo zilizoweza kupita bila kutambuliwa. Chanjo ya dharura ikaendeshwa, kisha sindano zikawekwa chini, na wataalamu wakabaki kuangalia na kupima. Kwangu mimi, kuacha kuchanja ndio uamuzi uliohitaji moyo zaidi. Virusi vilionekana mara ya mwisho kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru.

Siwezi kusema sindano hushinda daima. Botswana iliua ng'ombe wapatao 320,000 kwa sababu ya homa ya mapafu iliyozuka mwaka 1995, ikaing'oa. Kwetu homa hiyo ilirudi mwaka 1990, na chanjo yake, yenye asili ya Tanganyika, hukinga kwa takriban mwaka mmoja tu. Tofauti iko kwenye dawa yenyewe: ya Plowright haikumtaka mfugaji arudi kila mwaka.

Sasa ipo sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini mwaka 2008, na dunia imejiwekea lengo la kuitokomeza ifikapo 2030. Chanjo yake ni nzuri, nayo dozi moja hukinga kwa miaka. Basi ndugu mfugaji wa Mpwapwa, Kongwa, Bahi na Chamwino, bwana mifugo akitangaza siku ya chanjo, watoe mbuzi wote, na wale uliowaweka kwa shemeji watumie salamu nao watolewe.