Kammen, Daniel M.

Daniel M. Kammen (alizaliwa 1962) ni mwanafizikia wa Marekani aliyegeukia sera za nishati jadidifu. Alipata shahada ya uzamivu ya fizikia Harvard mwaka 1988, akafundisha Princeton, kisha akahamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikoanzisha maabara ya nishati jadidifu mwaka 1999.

Kazi yake yenye uzito zaidi kwa Afrika Mashariki ilifanyika Laikipia, Kenya. Yeye na Majid Ezzati walipima moshi katika kaya 55 zilizopikia kuni na mkaa. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001, yalionyesha kuwa maambukizi ya njia ya hewa huongezeka kadiri mtu anavyovuta moshi. Wanawake, wanaoinamia mafiga wakichochea kuni, waliuvuta zaidi kuliko wanaume. Jambo hili linaigusa pia Sumbawanga, Tanzania, na uwanda wote wa juu wa Ufipa, ambako baridi ya Juni na Julai huwafanya watu wafunge mlango na kuota moto uleule unaoivisha maharage.

Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilimteua kuwa mtaalamu wake mkuu wa nishati jadidifu. Mwaka 2016 akawa mjumbe wa sayansi wa serikali ya Marekani, wadhifa aliojiuzulu Agosti 2017.