Nani Aliyetangulia Kufasiri? Historia Fupi ya Vyanzo vya Dini za Dunia Katika Intaneti

Mwaka jana nilisahihisha kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhusu nafasi ya mwanamke katika Uhindu. Ilikuwa kazi ya kijana mwenye bidii: ilikuwa na tanbihi, ilikuwa na nukuu, na kila nukuu ilionyesha anwani ya intaneti ilikotolewa. Hata hivyo, karibu nukuu zote zilitoka katika Sheria za Manu, kwa tafsiri ya Georg Bühler iliyochapwa Oxford mwaka 1886, na kutokana nazo mwanafunzi alihitimisha kwamba "Wahindu wanaamini" hivi na vile. Hakujua kwamba tarehe 25 Desemba 1927, katika mji wa Mahad nchini India, B. R. Ambedkar na wafuasi wake walikichoma hadharani kitabu hicho hicho, kwa sababu waliona ndani yake chimbuko la unyonge waliotwishwa watu wa jamii zilizohesabiwa kuwa najisi.

Nilipomwuliza kwa nini alichagua tafsiri hiyo, alinijibu kwa unyofu: "Mwalimu, ndiyo iliyofunguka bila kulipia."

Sikumkasirikia. Jibu lake fupi limebeba historia ndefu, nami naona ni haki tuisimulie, maana wanafunzi wetu wengi, na hata maofisa wanaoandika taarifa za serikali kuhusu dini na jamii, hutafuta maarifa kwa njia hiyo hiyo.

Tafsiri ya Bühler ni juzuu ya 25 katika mfululizo wa vitabu 50 uliohaririwa na Friedrich Max Müller na kuchapwa Oxford kati ya mwaka 1879 na 1910, ukiitwa Vitabu Vitakatifu vya Mashariki. Müller, Mjerumani aliyezaliwa Dessau mwaka 1823, ni miongoni mwa waasisi wa taaluma ya kulinganisha dini. Alikusanya mabingwa wa Kisanskriti, Kipali, Kichina, Kiajemi cha kale na Kiarabu, na kwa mara ya kwanza msomaji wa Kiingereza aliweza kuzipata Upanishadi, maandiko ya Kibudha, ya Kijaini, ya Kizoroasta, ya Kichina na Kurani katika rafu moja. Kazi hiyo haina budi kuheshimiwa.

Lakini rafu hiyo ilipangwa na mkono wa mtu, na mkono huo ulikuwa na mazoea yake. Müller hakuwahi kukanyaga India. Uchapishaji wake wa Rig Veda, uliomchukua miaka mingi, ulianza kwa fedha za kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala India wakati huo. Agano la Kale na Agano Jipya hayakuingizwa katika juzuu zile 50, kana kwamba maandiko ya "Mashariki" ni ya kuchunguzwa na yale ya Ulaya ni ya kuaminiwa. Afrika nayo haikupewa hata juzuu moja. Kwa kuwa dini zake zilihifadhiwa katika vinywa, matambiko, ngoma na majina ya watoto, mhariri wa vitabu hakuwa na cha kufasiri.

Hata Sheria za Manu hazikufika kileleni mwa rafu kwa bahati. Mwaka 1772 Warren Hastings, gavana wa Bengal, aliamua kwamba Wahindu wahukumiwe kwa maandiko yao na Waislamu kwa Kurani. Mahakimu wa Kiingereza wakahitaji kitabu cha kushika mkononi, na mwaka 1794 William Jones akawapa Manu kwa Kiingereza. Andiko lililokuwa moja kati ya mengi, lenye kufasiriwa na kubishaniwa na wanazuoni wa Kihindu kwa karne nyingi, likageuzwa kuwa kana kwamba ndilo kanuni ya Wahindu wote. Mwanafunzi wangu, bila kujua, alikuwa amekaa katika kiti cha hakimu wa Kampuni.

Je, kitabu cha mwaka 1886 kimefikaje katika simu ya kijana wa leo? Kimefikishwa na sheria ya hakimiliki. Kazi ambayo mwandishi wake amekufa zamani huwa mali ya umma. Miradi ya kuweka vitabu vya kale katika intaneti, kama Internet Archive iliyoanzishwa mwaka 1996 na hifadhi ya maandiko ya dini aliyoianzisha John Bruno Hare mwaka 1999, ilichukua kwanza kile ambacho hakikuwa na mwenyewe wa kudai. Hivyo tafsiri za enzi ya Malkia Victoria zikawa za kwanza kufunguka, ilhali tafsiri za sasa, zilizosahihisha makosa ya zile, zimebaki nyuma ya malango ya malipo.

Msiba huu unatugusa sisi zaidi. Anayetaka kusoma kuhusu dini ya Waganda atakipata bure kitabu cha mmisionari John Roscoe cha mwaka 1911. Akitaka kumsoma Okot p'Bitek, aliyewakosoa vikali wataalamu wa Kimagharibi kwa kuivisha miungu ya Afrika kanzu ya Kigiriki, au John Mbiti na kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, hana budi anunue au atafute maktaba yenye nakala. Mbiti alifariki mwaka 2019. Kwa sheria ya Kenya, inayolinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, maandishi yake yatakuwa huru baada ya mwaka 2069. Sisemi waandishi wetu wanyimwe haki yao. Nasema tu kwamba katika intaneti shitaka limewekwa uwanjani, na utetezi umefungiwa kabatini.

Hata hivyo, tusiilaumu sheria peke yake. Roscoe alisaidiwa mno na Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, na Kagwa mwenyewe aliandika kwa Kiganda kuhusu wafalme na mila za watu wake mwanzoni mwa karne ya 20. Kagwa alifariki mwaka 1927, basi hakimiliki si kizuizi. Kizuizi ni kwamba tunatafuta kwa Kiingereza, na anayetafuta kwa Kiingereza huletewa Roscoe.

Kwetu Uswahilini tunao mfano ulio wazi kuliko huo. Kurani imefasiriwa kwa Kiswahili zaidi ya mara moja, na kila tafsiri ilikuwa na hoja yake. Ya Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kianglikana Zanzibar, ilitoka mwaka 1923 ikiambatana na maelezo ya mtazamo wa kimisionari. Ya Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya ilitoka mwaka 1953. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Mzanzibari aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikamilisha yake mwaka 1969, akiwajibu waliomtangulia. Anayenukuu mojawapo na kuandika tu "Kurani inasema" amewafuta watu watatu na ugomvi wao, na ugomvi huo ndio historia yenyewe ya dini katika pwani yetu.

Pamoja na hayo, intaneti imetutendea mema ambayo wazee wetu wasingeyaota. Mwaka 1900 mtawa Wang Yuanlu aligundua pango lililojaa miswada huko Dunhuang, kaskazini-magharibi mwa China. Mwaka 1907 Aurel Stein alichukua shehena yake kwenda London, na mwaka uliofuata Paul Pelliot akachukua yake kwenda Paris. Miongoni mwa vilivyokwenda London ni Sutra ya Almasi iliyochapwa mwaka 868. Tangu mwaka 1994 upo mradi wa kimataifa unaokusanya picha za hazina hiyo iliyotawanyika. Vivyo hivyo, miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, ambao sharti lake ni kwamba asili isitoke nchini mwake. Tofauti kati ya Stein na sharti hilo ni karne moja ya mapambano.

Lakini Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia Maktaba ya Uingereza, na sehemu kubwa ya huduma zake za kidijitali ikazimika kwa miezi mingi. Watafiti wa dunia nzima wakakuta mlango umefungwa. Aliye na miswada nyumbani kwake aliendelea kusoma, na aliyetegemea picha za London alisubiri. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tunaongeza kwamba daftari lililo ugenini nalo laweza kupotea.

Tufanyeje basi? Kwa wanafunzi, nasema hivi: kabla ya kunukuu, uliza aliyefasiri ni nani, mwaka gani, na alilipwa na nani. Tafuta hifadhi zinazosimamiwa na wenye maandiko au wataalamu wake: Sefaria kwa maandiko ya Kiyahudi, SuttaCentral kwa Ubudha wa kale, Corpus Coranicum ya Ujerumani kwa historia ya matini ya Kurani. Tumia orodha ya majarida huria iliyoanzishwa mwaka 2003, maana humo makala za karne hii hazilipiwi. Kisha funga simu, ukamwulize muumini anavyoliishi andiko hilo.

Kwa watumishi wa umma wanaopanga bajeti za vyuo na maktaba, ombi langu ni moja. Tasnifu za dini na mila zilizoandikwa katika vyuo vyetu tangu miaka ya 1960 zimerundikana katika rafu, nyingine zikiliwa na mchwa. Kwa ridhaa ya waandishi au warithi wao, zipigwe picha, ziwekwe huru, na nakala zitunzwe hapa hapa kwetu.

Mwanafunzi wangu aliirudia kazi yake. Safari hii alianza na moto wa Mahad, kisha akarudi nyuma kumtafuta aliyeandika, aliyefasiri na aliyetawala. Nilimpa alama nzuri. Alizistahili tangu mwanzo, kama rafu aliyoikuta ingekuwa ya haki.