Mkonge, Kostiki na Silingi ya Kawangware

Juzi hapa Kawangware, si mbali na steji ya Congo, nilimpata fundi wa silingi akichovya mkonge kwa ndoo ya jipsam na kuubandika nyuma ya urembo wa dari. Nikamuuliza ni wa nini. Akacheka. "Bila mkonge hii ni chaki tu, buda. Itakuangukia ukiwa umelala."

Mkonge asili yake ni Meksiko. Mwaka wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Hiyo 62 ikazaa mashamba makubwa ya Tanganyika, na baadaye mkonge ukapandwa hadi Thika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Halafu zikaja kamba za nailoni na polipropilini. Bei ikaanguka, wafanyakazi wakarudi makwao. Hata viondo vya mashosho vikaanza kufumwa kwa nyuzi za plastiki.

Sasa plastiki hiyo hiyo inautafuta mkonge. Viwanda vya magari huchanganya nyuzi za mimea na plastiki kwenye sehemu za ndani za milango, kwa kuwa ni nyepesi kuliko nyuzi za glasi.

Shida ni kwamba katani inapenda maji na plastiki inayakataa. Jipsam hukorogwa kwa maji, ndiyo maana inashikana na katani bila maneno mengi. Ndani ya plastiki, nyuzi huchomoka ukizivuta. Dawa moja ni kostiki, ile ya kupikia sabuni. Mwingereza John Mercer aligundua mwaka wa 1844 kwamba kostiki hubadilisha nyuzi za pamba. Kwa katani, inaondoa nta na sehemu ya gundi asilia. Uso wa uzi unakwaruza, plastiki inapata pa kushika. Ukizidisha kipimo, uzi unadhoofika. Na ikikugusa, inachoma ngozi.

Zamani tuliuza katani ghafi, bei ikapangwa ng'ambo, soko likafungwa tukiangalia. Safari hii pesa iko kwenye hicho kipimo.

Nilimweleza fundi haya yote. Akachovya konzi nyingine ya mkonge, kisha akaniuliza, "Na hiyo kazi ya kostiki, mtu anajifunzia wapi?"

Hapo nilinyamaza.