Nyumba Iko na Miguu: rangi za kuta zetu, toka Makwacha mpaka Golf

Mwaka tulipomaliza kujenga nyumba yetu hapa Golf, tuliipakaa nyeupe toka juu mpaka chini kabisa. Ndani, salo tuliipakaa kijivu kizito, juu tuliiona hivyo katika gazeti moja la picha lililotoka Ulaya. Mama yetu mzazi alipofika kutoka mugini, alizunguka nyumba mara moja, akasimama mbele ya mlango, akasema: « Mwana yangu, nyumba ni muzuri, lakini haina na miguu. » Tulicheka. Mvula kubwa ya kwanza ilipopiga, udongo mwekundu uliruka kutoka chini na kupanda ukutani karibu nusu mita. Hatukucheka tena.

Katika insha hii tunataka kueleza maneno hayo ya mama. Tunaamini kwamba wazee wetu walikuwa na elimu ya rangi na ya ujenzi, hata kama hawakuiandika, na kwamba leo tunaiacha bila hata kuiuliza.

1. Rangi tatu za kwanza

Tuanze na lugha yenyewe. Katika Kiswahili, rangi zenye jina lake zenyewe ni tatu tu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Zingine zote zimeazima jina la kitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni kiungo cha jikoni, kahawia ni kahawa, na bluu imetoka kwa Wazungu. Lugha nyingi za Kibantu zinafanya vilevile.

Rangi hizo tatu si za kupendeza macho tu. Mtaalamu Victor Turner, aliyekaa na Wandembu wa Zambia, ndugu za Walunda wetu wa Katanga, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1967 namna gani nyeupe, nyekundu na nyeusi zinabeba mafundisho ya maisha. Nyeupe ni maziwa, afya, baraka na usafi wa moyo. Nyekundu ni damu, nayo iko na pande mbili: damu ya uzazi na damu ya kuua. Nyeusi ni giza, kifo na mambo yaliyofichwa. Hapa kwetu, kila mtu aliyekua karibu na Waluba anajua pemba, ule udongo mweupe unaopakaliwa mtu kwa kumbariki. Basi, kabla ya rangi kufika ukutani, ilikuwa imeshapita mwilini.

2. Mafundisho ya mama wa Makwacha

Si mbali na Lubumbashi kuna kijiji cha Makwacha, kinachojulikana kwa nyumba zake zilizochorwa. Wachoraji ni wanawake. Kila mwaka, mvula ikiisha, wanakandika upya kuta za udongo na kuzichora. Mvula inayofuata inakula kazi yao, nao kiangazi kingine wanaanza tena. Rangi zao ni za ardhi ya hapohapo: udongo mweupe, wa njano, mwekundu, pamoja na nyeusi ya makaa.

Mtu akiangalia kwa haraka atasema ni urembo tu. Aangalie vizuri, ataona kanuni zilezile zinazofundishwa katika shule za usanifu. Kuna upimaji: mchoro unafuata ukubwa wa ukuta, na mlango na dirisha vinapewa mpaka wake. Kuna mrudio: umbo moja linarudi, ili jicho litembee bila kuchoka. Kuna upinzani wa rangi: nyeupe kando ya nyekundu, ili kila moja iseme kwa nguvu. Na mara nyingi kuna mkanda wa rangi nzito chini ya ukuta. Hiyo njo miguu mama aliyotafuta kwetu. Matone ya mvula yakirusha udongo, yanauangukia mkanda ambao tayari ni wa rangi ya udongo, na uchafu hauonekani. Tena jicho linaona nyumba imekaa imara, haielei. Faida na uzuri vinafanya kazi pamoja.

3. Mji uliochaguliwa rangi

Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910, miaka 4 baada ya kuzaliwa kwa kampuni ya Union Minière. Tofali zake nyingi zilitoka, na mpaka leo zinatoka, katika vichuguu vikubwa vya hapa kwetu, ambavyo vingine vinafikia mita 8. Nyekundu ya tofali hizo ni nyekundu ya ardhi yetu.

Lakini mji huo ulipangwa pia kwa rangi ya watu. Kati ya mji wa Wazungu na cité ya Waafrika kulikuwa eneo tupu lililokatazwa kujengwa. Kuanzia mwaka 1928, kampuni ilipoamua kukaza wafanyakazi na familia zao katika kambi, ilijenga nyumba za safu, zote sura moja. Rangi ya nje haikuwa tena chaguo la mama wa nyumba. Ilikuwa chaguo la bwana. Tunadhani hapo njo desturi ya kuchora kuta ilianza kupotea mumji. Mkono uliozoea kuchora ulikatazwa ukuta.

4. Salo na ukumbusho wake

Basi, rangi ilikimbilia ndani. Katika miaka ya 1960 na 1970, familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilitundika salo picha za wachoraji wa mji, zilizochorwa mara nyingi juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Watu waliziita ukumbusho. Mtaalamu Johannes Fabian alizichunguza, na katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimfanyia mfululizo wa picha 101 za historia ya nchi yetu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1996.

Picha moja iliyojulikana sana ni ile ya Colonie belge: mfungwa anachapwa, na wafungwa wamevaa nguo ya mistari ya njano na nyeusi. Mtoto aliyekula kila siku chini ya picha ile hawezi kuona mistari hiyo kwa macho ya mtoto wa Brussels. Kwa mmoja ni rangi za furaha au za mpira. Kwa mwingine ni fimbo.

5. Vitabu vya Ulaya na jua la Katanga

Leo kuna vitabu vingi vinavyosema bluu inatuliza, nyekundu inachokoza, njano inachangamsha. Tusivikatae vyote, lakini tuvisome kwa akili. Mwaka 1979, huko Marekani, gereza moja la jeshi la majini lilipakaa chumba rangi ya waridi, na ilisemwa kwamba wafungwa walipoa mara moja. Majaribio ya baadaye hayakuthibitisha jambo hilo. Rangi si dawa ambayo inafanya kazi sawasawa katika kila mwili. Sehemu kubwa ya nguvu yake inatokana na yale ambayo watu wameishi pamoja.

Kuna mfano mwingine tunaowapa wanafunzi wetu. Vitabu vya Ulaya vinashauri kwamba chumba kinachotazama kaskazini hakipati jua, basi kipewe rangi za moto. Lubumbashi iko kusini ya ikweta, karibu digrii 12. Mwezi wa 6 na wa 7, wakati wa baridi yetu, jua la saa sita liko upande wa kaskazini. Chumba cha kaskazini kwetu njo chenye joto! Anayefuata kitabu bila kuangalia jua anajenga nyumba ya watu wengine.

Kadhalika ile salo yetu ya kijivu. Ukuta mweupe unarudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupata; ukuta wa rangi nzito unaumeza. Umeme ukikatika, nasi tunajua unavyokatika, salo ile ilikuwa pango saa kumi na moja ya jioni. Watoto walibeba daftari zao na kwenda kusomea barazani.

6. Na sisi wa Golf?

Tangu sheria ya madini ya mwaka 2002, pesa za shaba zimejenga nyumba nyingi katika mitaa yetu. Tunaona ukuta mrefu wa parsele, vigae vyeusi, vioo vya giza, kijivu juu ya kijivu. Hatumlaumu mtu, sisi pia tulianza hivyo. Tunauliza tu: katika nyumba hizi zote, wapi panaonekana kwamba tuko Katanga? Hatusemi turudilie nyumba ya udongo. Tunasema kanuni za bamama zinaweza kukaa vizuri juu ya simenti: mkanda mzito chini, rangi nyeupe inayopokea mwanga juu, mpaka wa mchoro kuzunguka mlango, nyekundu ya ardhi yetu kwa kipimo.

Nyumba yetu sasa iko na miguu. Tuliipakaa mkanda wa rangi ya tofali, na salo tukaibadilisha iwe ya maziwa. Mama aliona mkanda ule, akafurahi, lakini alisema rangi ya duka haina ule ung'avu wa bulongo aliyokuwa anachota na mama yake. Tulikusudia kumuuliza aliichota mto gani, na aliichanganya na nini ili ishike. Tulichelewa. Alitutoka kabla hatujauliza.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, anayekuwa bado na mama au nkambo aliyechora ukuta, achukue daftari leo, asingojee likizo. Aandike jina la udongo, mahali unapochotwa, na mkono unavyotembea. Rangi ya duka itakuwepo kesho. Lakini yule anayejua ile ya mtoni, tusidhani kwamba kesho bado tutamkuta.