Kasubi: Sheria Peke Yake Haizimi Moto



Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, moto uliteketeza nyumba kubwa ya nyasi juu ya kilima cha Kasubi, jijini Kampala. Nyumba hiyo huitwa Muzibu Azaala Mpanga. Ndani yake wamezikwa Makabaka wanne wa Buganda: Mutesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili. Waganda wengi waliomboleza kama watu waliofiwa upya. Leo nakualika tuitazame historia ya mahali hapa, kisha tujiulize: mlinzi wa urithi wa taifa ni nani, serikali au wananchi?

Mwaka 1882 Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga ikulu yake Kasubi. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa hapo, na ikulu ikageuka kuwa makaburi ya kifalme. Paa lake la nyasi lilibebwa na pete 52, zikiwakilisha koo za Buganda. Kuezeka paa hilo ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, ambao hurithishana ufundi huo kizazi hadi kizazi.

Mahali hapa hapakukosa ulinzi wa sheria. Uganda ilitunga Sheria ya Minara ya Kihistoria mwaka 1967, na Kasubi ikawekwa chini ya ulinzi wake mwaka 1972. Mwaka 2001 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, zingatia jambo moja. Mwaka huohuo wa 1967, katiba mpya ilifuta falme zote nchini. Serikali iliahidi kulinda majengo, huku ikiondoa mamlaka ya wale ambao kwao majengo hayo yalikuwa na uhai. Falme zilirejeshwa mwaka 1993.

Moto ulipozuka, sheria ya 1967 ilikuwa ingali ikitumika, na jina la Kasubi lilikuwa katika orodha ya dunia. Hayo hayakuzuia nyasi kuungua. Mwaka 2010 UNESCO iliihamishia Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Ni nini basi kilichoirejesha? Serikali na wafadhili walichangia. Japani, kwa mfano, ilisaidia mpango wa kukinga moto. Wananchi nao hawakukaa kando. Ufalme wa Buganda uliendesha mchango ulioitwa Ettoffaali. Wewe unayejifunza Kiswahili umelitambua neno hilo mara moja: ni tofali. Kila mchangaji, mkubwa kwa mdogo, alihesabiwa kuwa ameleta tofali lake. Waezekaji nao walileta kitu ambacho bajeti haiwezi kununua dukani, yaani ujuzi wa mikono. Mwaka 2023, baada ya miaka 13, Kasubi iliondolewa katika orodha ya hatari.

Mfano wa pili uko katika jiji hilohilo. Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908, na jengo lake la sasa, lililosanifiwa na Ernst May, lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka 2011 ulijulikana mpango wa serikali wa kujenga mnara wa biashara wa ghorofa 60 mahali hapo. Mashirika ya kiraia na wananchi walipinga, wakafika hadi mahakamani. Jengo hilo lingali limesimama. Hapa aliyekuwa na wajibu wa kulinda ndiye aliyetaka kubomoa, na sauti ya raia ikawa ngao.

Wahenga walisema mafiga ni matatu. Chungu cha urithi nacho kinahitaji matatu: sheria, fedha na jamii. Likikosekana moja, chungu hupinduka.

Wapo wanaosema kwamba nchi yenye uhaba wa hospitali na barabara haina nafasi ya kutunza mambo ya kale. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kuibeza. Lakini kukinga ni rahisi kuliko kujenga upya, na miaka 13 ya Kasubi ni ushahidi. Vilevile, ni dhuluma kumwachia mwenye nyumba ya kale gharama zote za matengenezo, ilhali fahari yake ni ya mji mzima. Kwa hiyo sera njema haiishii kwenye makatazo. Humpunguzia mmiliki kodi, huzitaka halmashauri ziorodheshe majengo yao ya kihistoria, hudai umma usikilizwe kabla ya kibali cha kubomoa kutolewa, na hugharimia mafunzo ya vijana kwa mafundi wazee.

Nawe una tofali lako. Chagua jengo moja la kale katika mji wako. Waulize wazee habari zake, uziandike kwa Kiswahili. Kisha nenda ofisi ya halmashauri uulize: je, jengo hili limeorodheshwa? Nani analitunza? Likiwaka moto usiku wa leo, maji yatatoka wapi? Usipopata jibu, andika barua, na umwombe jirani yako atie sahihi pamoja nawe.