Misombo ya nitrojeni katika maji superikritiki

Maji superikritiki ni maji yaliyopashwa moto kupita nyuzi 374 za Selsiasi na kugandamizwa kupita megapaskali 22.1, sawa na takriban mara 218 ya kanieneo ya hewa usawa wa bahari. Katika hali hiyo mpaka kati ya kimiminika na mvuke hutoweka. Mafuta na oksijeni huchanganyika nayo kikamilifu, ilhali chumvi nyingi hujitenga.

Mimenyuko. Katika mitambo inayoteketeza taka kwa maji haya na oksijeni, urea huvunjika kuwa amonia na kaboni dioksidi. Asetonitrili hugeuka kwanza asetamidi, kisha asidi asetiki na amonia. Sianidi hutoa amonia na fomati. Njia nyingi hivyo huishia kwenye amonia, na hapo ndipo uteketezaji hukwama: bila kichocheo, oksijeni huiunguza polepole sana hadi joto likaribie nyuzi 600 au zaidi. Nitrati na nitriti zikiwapo huharakisha kazi, kwani humenyuka na amonia na kutoa gesi ya nitrojeni na maji. Kwa kuwa joto la mtambo ni la chini kuliko la tanuri za kuchomea taka, oksidi za nitrojeni huwa chache, ingawa nitrasi oksidi yaweza kutokea.

Majanji na Busia. Misombo hiyo ya nitrojeni hupatikana pia katika mazingira. Mto Sio, unaopita mpakani mwa Uganda na Kenya, huingia Ziwa Viktoria karibu na Majanji katika Wilaya ya Busia, Uganda, ukibeba nitrojeni ya samadi, mbolea na maji machafu. Ziwani, maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hivi, bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Palipokosa oksijeni, bakteria wengine huirudisha nitrojeni hewani. Kazi hiyo hiyo mtambo wa superikritiki huifanya kwa sekunde au dakika chache, ukiwa na joto la kutosha au kichocheo. Katika wilaya hiyo kuna pia wachenjuaji wa dhahabu wanaotumia sianidi kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa kwa zebaki.

Mipaka. Asidi na kloridi hula chuma cha mtambo, na chumvi huziba mabomba. Teknolojia hii hufaa zaidi taka za majimaji zenye sumu na misombo ya kikaboni ya kutosha kuzalisha zenyewe joto linalohitajika. Kwa sianidi ya migodini si ya lazima: hewa, salfa dioksidi na kichocheo cha shaba huiharibu katika joto la kawaida.