Hewa Usiyoiona: Simuleta za Ndege Zilivyojifunza Kupumua

Wadau wa magemu ya ndege, leo tunaongelea kitu ambacho hakionekani kwenye skrini hata uwe na kompyuta kali kiasi gani: hewa. Kila mtu anasifia mawingu, majengo na jua likizama. Lakini ukitaka kujua kama simuleta ni ya kweli au ni urembo tu, angalia inavyocheza na hewa ya injini.

Tuelewane kwanza. Ndege ya abiria inapaa futi 30,000 na kitu, huko juu hewa ni nyepesi, binadamu hatoboi. Kwa hiyo kwenye ndege nyingi hewa inachotwa kwenye injini zenyewe. Injini inabana hewa kabla ya kuichanganya na mafuta, na sehemu ya hiyo hewa iliyobanwa inavutwa pembeni kwa mabomba. Mafundi wanaiita blidi. Inatoka ikiwa ya moto sana, inapozwa, halafu ndiyo mnaivuta mkiwa mmekaa kwenye siti zenu. Hiyohiyo inapasha mabawa yasishike barafu, na inaweza kuzungusha injini ya pili wakati wa kuiwasha. Chanzo kimoja, kazi kibao. Ukiitumia huku, kule inapungua.

Sasa turudi kitambo. Mwaka 1929 huko Binghamton, New York, mtoto wa mwenye kiwanda cha vinanda alitengeneza kisanduku chenye mabawa mafupi, cha kujifunzia urubani bila kuondoka ardhini. Alitumia alichokijua: mivukuto na pampu za vinanda. Yaani simuleta hiyo ya zamani ilitikiswa na hewa! Mwanzoni wengi waliiona kama mchezo wa maonyesho. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani kadhaa wakafa kwenye hali mbaya ya hewa, na ndipo jeshi likanunua visanduku sita. Ona hapo, watu walianza kuiheshimu baada ya misiba.

Mwaka 1982 Microsoft ikaleta Flight Simulator kwenye kompyuta za nyumbani. Ndege ilikuwa Cessna ndogo, hakuna cha kuchota hewa wala nini. Baadaye zikaja ndege kubwa, lakini kwa miaka mingi hewa ilibaki mapambo. Hata toleo la FSX la mwaka 2006, unabonyeza Ctrl na E, injini zinawaka zenyewe, wewe unaondoka zako.

Mambo yakabadilika kupitia watengenezaji wa pembeni. Mwaka 2011 kampuni ya PMDG ilitoa Boeing 737 yake ya FSX, na hapo ubabaishaji ukaisha. Kuwasha injini lazima uwe na hewa. Unawasha APU, ile injini ndogo ya mkiani, unafungua hewa yake, halafu unazima mitambo ya kupoza hewa ya abiria ili presha yote iende kwenye injini. Mishale ya presha inashuka mbele ya macho yako injini ikianza kuzunguka. Ukisahau hatua, unaumbuka. Leo kuna hadi vitu vya bure: kundi la FlyByWire, watu wa kujitolea ambao wengi hata sura zao hatuzijui, wameiandikia Airbus A320 mfumo wa hewa unaohesabu presha na joto. Na mtengenezaji lazima ajue ndege yake, maana Dreamliner, kama zile za Air Tanzania na Kenya Airways, haichoti hewa ya abiria kwenye injini. Inatumia kompresa za umeme.

Kwa hiyo simuleta zimefika? Kwa upande wa swichi na presha, zile nzuri zimefika mbali. Ila kuna sehemu hazijagusa, na hiyo ndiyo inayoua.

Tarehe 14 Agosti 2005, Boeing 737 ya Helios iliondoka Larnaca, Cyprus, kuelekea Athens ikiwa na watu 121. Usiku wake fundi alikuwa amepima presha ya ndege, na swichi ya presha ikabaki upande wa mkono badala ya upande wa kujiendesha. Marubani hawakuigundua. Tatizo halikuwa hewa kuingia, tatizo ni kwamba ilikuwa inatoka kwa nyuma kupitia mlango wake ulioachwa wazi kiasi. King'ora kikalia. Lakini sauti yake ilikuwa ileile ya onyo la kwamba ndege haijawekwa sawa kwa kuruka, wakadhani ni hilo. Ndege ikaendelea kupanda hadi futi 34,000 huku akili zao zikizimika polepole. Ndege za kivita za Ugiriki zilipoisogelea, marubani wake walimwona rubani msaidizi ameinama kwenye kiti. Baadaye mhudumu mmoja wa ndege akaonekana amekaa kwenye usukani, lakini mafuta yalikuwa yanaisha. Ikaanguka karibu na Grammatiko. Hakupona mtu.

Hiyo safari unaweza kuirudia kwenye 737 nzuri ya simuleta. Swichi ipo, king'ora kipo, na mshale wa presha unaenda kombo kama ulivyoenda siku ile. Tofauti ni kwamba wewe upo zako Tabata, feni inapepea, akili timamu, unaona kosa ndani ya sekunde kumi na kusema "hawa nao vipi?" Wao kitu cha kwanza kuwaishia kilikuwa uwezo wa kuona kosa. Hata simuleta za mamilioni ya dola za kufundishia marubani hazikupunguzii oksijeni. Ndiyo maana jeshini wanawaingiza kwenye chemba maalumu, wakaonje wenyewe akili inavyoondoka.

Kwa hiyo mdau, simuleta inaweza kuihesabu hewa mpaka tone la mwisho, ila haiwezi kukunyima. Siku ukisoma ripoti ya ajali na kuona marubani "wamefanya kitu cha ajabu", kumbuka wewe unasoma huku unapumua.

Wangapi hapa mnarusha 737? Ukisikia king'ora ukiwa unapanda, cha kwanza unafanya nini? Dondosha komenti hapo chini. Jibu ni kuvaa maski ya oksijeni. Mengine yatafuata.